Gauni la Kukamulia

Gauni lilimkataa tangu siku ya kwanza. Lilipita kichwani kwa shida, likagoma mabegani, na alipolivuta kwa nguvu likapasuka makwapani, kulia na kushoto. Mzee akabaki amesimama katikati ya banda la ng'ombe, mwanaume wa miaka hamsini na nane, baba wa watoto watatu wazima, mtu ambaye akikohoa tu kwenye kikao cha wakulima watu hunyamaza. Amevaa gauni la maua mekundu la binti yake. Chini ya gauni kuna suruali, chini ya suruali kuna viatu vya mpira vyenye matope, na kichwani amejifunga kitambaa cha binti huyo huyo. Akachukua ndoo na kigoda, akamsogelea ng'ombe huku akiomba kimoyomoyo dunia nzima iwe bado imelala.

Dunia haikuwa imelala. Lakini kwanza tuulizane mtu mzima na akili zake alifikaje hapo, maana hakuna anayeamka asubuhi moja akajikuta tu ndani ya gauni.

Mwaka ulikuwa umeanza vizuri. Familia ile ilikuwa ikipanda mahindi kwa kamba, kamba ndefu ya katani iliyofungwa mafundo kwa vipimo sawasawa. Mzee alishika ncha moja, kijana wake wa kwanza akashika ncha ya pili, na kwenye kila fundo binti alichimba shimo, kitinda mimba akatia mbegu, Mama akaja nyuma akifukia kwa mguu. Watu watano kwenye mstari mmoja, na mistari ikanyooka mpaka wapita njia wakasimama kuitazama. Mzee aliipenda mistari ile kuliko hata mavuno yenyewe.

Walipomaliza kupanda, kijana wa kwanza akaondoka. Baba yake alikuwa akimwita Jembe, na hilo halikuwa jina bali sifa. Jembe alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori la mizigo. Majirani walikuja kunywa chai ya kumuaga, Mzee akasimama kusema mawili matatu, na kabla hajafika la pili akaangua kilio mbele za watu, kilio cha kamasi na kwikwi. Wanaume wenzake hawakumwachia. Mwezi mzima, popote alipopita, kuna aliyemuuliza kama aletewe kitambaa cha kujifutia. Mzee akaapa kwamba hatalia tena mbele ya mtu yeyote, hata nyumba ikiungua.

Miezi miwili baadaye, palizi ilipokwisha, zamu ya binti ikafika. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ndugu zake wakimwita Dada, na alikuwa ameitwa kazini kwenye kiwanda cha kushona sare. Chai ikapikwa tena, viti vikaazimwa tena, majirani wale wale wakakaa mahali pale pale. Hata mtu wa maziwa alikuwepo, yule anayepita kila asubuhi na baiskeli na madumu yake kukusanya maziwa ya wafugaji.

"Ndugu zangu," Mzee alianza, "Jembe alipoondoka nilikatwa mkono. Mliniona wenyewe. Leo anaondoka huyu."

Akasita. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. Akamwona jirani wa ng'ambo ya barabara akimkonyeza mwenzake, kwamba haya, mvua hiyo inakuja. Mzee akaingiwa na hofu, na katika hofu ile akakimbilia mzaha.

"Huyu sasa ni ukucha tu! Ukucha ukikatwa, nani analia? Kazi yake hapa ilikuwa kukaa kwenye kigoda chini ya ng'ombe. Kukaa! Hata mimi naweza."

Watu wakavunjika mbavu. Mtu wa maziwa alicheka mpaka chai ikampalia, ikabidi apigwe mgongoni. Binti naye alicheka, kidogo, kwa adabu. Kisha akaitazama mikono yake iliyokuwa mezani, mikono ya msichana mdogo yenye vifundo vya mtu mzima, na kidole gumba cha kulia ambacho siku hizi kilikuwa hakikunjiki sawasawa. Akaishusha chini ya meza, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Mzee aliiona ikishuka. Tusimsingizie kwamba hakuona. Angeweza kusema neno palepale na mambo yakaisha, lakini alichosema ni, "Kunyweni chai, itapoa."

Wakati wa kuagana binti alimpa mkono. "Sawa, Baba. Mbaki salama," akasema, akabeba begi lake, akaenda.

Tangu siku ile hakuzungumza na baba yake tena. Hakuzira, hakutuma mtu kuja kumsema, hakulalamika kwa yeyote. Kila Jumapili alipiga simu ya mama yake. Simu ilitoka sikioni kwa Mama ikaenda kwa Kitinda, ikarudi kwa Mama, na ilipokaribia kufika kwa Mzee kila mara kulikuwa na sababu: salio limekwisha, kuna mtu ananiita, mtandao unakatakata. Mzee alikaa kando akijifanya anachonga mpini, mpini mmoja Jumapili tano, mpaka ukawa mwembamba wa kupigia ngoma. Alikuwa akitaka kitu kimoja tu duniani, kulirudisha lile neno, na hakujua baba anaanzia wapi. Hakuwa amewahi kuona baba yeyote akifanya hivyo.

Kazi ya kukamua ikamwangukia Kitinda. Na hapa ni lazima nimtaje ng'ombe mwenyewe. Aliitwa Shangazi. Watoto ndio waliompa jina hilo, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kununa, asiyesahau, na mwenye kudai aheshimiwe. Dada wa kweli wa Mzee, shangazi wa watoto wale, aliposikia alikasirika na kukaa mwaka mzima bila kukanyaga pale, jambo ambalo watoto walisema limethibitisha kila kitu. Binti alikuwa amemkamua Shangazi miaka tisa, tangu uzao wake wa kwanza, kila alfajiri bila kukosa. Katika miaka hiyo yote Mzee hakuwahi kuingia bandani muda wa kukamua. Yeye alichokijua ni ndoo: akiamka, anaikuta barazani imejaa na kufunikwa, kwa hiyo akaamini ndoo hujaa kwa sababu ng'ombe ana maziwa.

Kitinda hakuwa hodari, ila alikuwa amekaa sana bandani na dada yake, na ng'ombe alimvumilia. Ndoo ikawa inafika nusu. Mzee akanung'unika kwamba majani ya mwaka huu ni mabaya.

Wakavuna watu watatu badala ya watano. Mama alibeba magunia ambayo hakustahili kuyabeba, na Mzee akaona, na akanyamaza. Mahindi yalipokwisha kupukuchuliwa, Kitinda naye akapata nafasi kwenye chuo cha ufundi wa umeme. Safari hii Mzee alikataa chai ya kuaga. Alisema amechoka, kumbe alikuwa haamini tena mdomo wake. Alimsindikiza kijana mpaka barabarani akiwa amembebea godoro, na gari lilipoonekana kwa mbali Kitinda akasema:

"Baba, Shangazi ukimkamua vaa lile gauni la Dada, liko kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda. Mimi ndivyo nilivyokuwa nafanya. Bila gauni hakubali."

"Yaani miezi yote hii ulikuwa unavaa gauni?"

"Mnywa maziwa hakuuliza," Kitinda akacheka. "Halafu Dada alikuwa na maneno yake ya kumwambia. Mimi sikuyajua, nilikuwa napiga mluzi tu. Muulize."

Muulize. Neno jepesi hilo kwa anayepanda gari kuondoka.

Nyumba ikabaki na watu wawili. Mama aliendelea kupika kwa sufuria ile ile kubwa, mkono wake ulikuwa haujui kipimo kingine, na chakula cha jioni kikawa ndicho cha asubuhi. Alifagia vyumba vitatu ambavyo hakuna aliyevichafua. Mezani alikuwa akitoa sahani tano, anasimama, anarudisha tatu kabatini bila kusema kitu, na Mzee alikuwa akiangalia pembeni mpaka mlango wa kabati ufungwe.

Kukamua yeye hakuweza, mikono yake ilikuwa na maumivu ya viungo na vidole havikushika. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza Mzee akaenda, kifua mbele. Si alisema hata yeye anaweza? Shangazi akamtazama, akamruhusu akae, akasubiri mpaka ndoo imewekwa sawa, kisha akaipiga teke ikagonga ukuta. Asubuhi ya pili Mzee alimfunga miguu kwa kamba. Akapata kikombe kimoja cha maziwa na mkia wenye mavi usoni. Asubuhi ya tatu alimtukana yeye, mama yake mzazi na ukoo wake wote wenye pembe. Hakupata hata kikombe. Kiwele kilikuwa kimejaa, kinang'aa, na ukikigusa kilikuwa cha moto.

Asubuhi ya nne akalitazama lile gauni kwenye msumari. Akachungulia nje kushoto na kulia, akalivaa.

Lo! Shangazi akatulia. Alinusa bega la gauni, akanusa kitambaa, akatoa pumzi ndefu, akarudisha kichwa horini kutafuna. Mzee alikuwa ameinama na paji la uso limegusa ubavu wa ng'ombe, akivuta chuchu kwa uangalifu, aliposikia sauti yenye furaha nyuma yake.

"Dada! Karibu tena jamani! Umerudi lini?"

Mtu wa maziwa alikuwa amewahi kufika, akakuta geti liko wazi. Mzee akageuka na masharubu yake. Wakatazamana kwa muda, mmoja na dumu mkononi, mwingine na chuchu. Kisha Mzee akainuka mbio, kigoda kikaanguka, akajitupa kwenye stoo ya majani na kujifungia. Alikaa humo, uso umebanwa kwenye marobota, akitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuona kilichofanyika nje. Alisikia tu kicheko kikijaribu kuzuiwa, kikishindwa, kisha baiskeli ikiondoka.

Kesho yake alipokwenda kituo cha maziwa, kule madumu ya baiskeli yanakopelekwa, kueleza kwa nini hakutoa kitu, maneno yalikuwa yamemtangulia. "Hujambo, Binti?" akasema mmoja. "Mpisheni Binti akae, amechoka na kazi za nyumbani." Wengine walishindwa hata kusalimia, waligeukia ukutani mabega yakiruka. Jirani wa ng'ambo ya barabara akamuuliza kama kuna saizi yake. Mzee alijifanya kucheka nao, akaondoka haraka, na njiani alipita nyuma ya mashamba ili asikutane na mtu. Alidhani huo ndio mwisho wa aibu. Alikuwa bado hajui kitu.

Na juu ya yote hayo, gauni halikutosha. Shangazi alimruhusu kukaa, alimruhusu kushika, lakini maziwa aliyazuia juu huko, hayashuki. Siku ya tano vikombe viwili. Siku ya sita, kabla jua halijachomoza vizuri, alianza kulia, mlio mrefu wa kuchoka ambao Mzee hakuwahi kuusikia, akainua mguu mmoja na kuushusha, akainua na kuushusha. Mzee akatoka bandani na gauni lake, akakaa barazani, ameshindwa.

Mama akaja na simu.

"Mpigie," akasema.

"Mpigie wewe."

"Mimi naongea naye kila Jumapili, mume wangu. Tangu ameondoka hajaniuliza habari zako hata mara moja." Alisema bila ukali, na bila kumtazama. "Huwa ananiuliza, Shangazi anaendeleaje. Mimi nitamwambiaje habari za ng'ombe na mwenye maneno uko hapa? Ukashindwa, basi, Shangazi atakufa na sisi tutakuwa tumemuua kwa haya zako."

Akamwekea simu mapajani, juu ya maua mekundu, akarudi jikoni.

Mtandao pale ulipatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya nyumba. Mzee akapanda, gauni ameshika mkononi lisimkwaze. Simu iliita mara tatu.

"Mama, shikamoo!" Nyuma ya sauti kulikuwa na watu wengi wanatembea, na honi.

"Si mama. Ni mimi."

Alimsikia binti akisogea mahali penye utulivu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Wakakwama hapo. Mzee alikuwa na maneno ya miezi mitano kifuani, na yote yalijibana mlangoni kwa pamoja, hakuna lililopita.

"Shangazi anaumwa?" binti akauliza, na sauti ikawa nyingine kabisa.

"Haumwi. Amekataa. Haachii maziwa."

"Siku ya ngapi?"

"Ya sita leo."

"Sita! Baba, mbona hamkuniambia? Kiwele kitaharibika!" Akaanza kuongea haraka haraka. Maji yawe ya uvuguvugu, yasiwe ya baridi. Kiwele kikandwe kwanza kwa kitambaa, taratibu, mpaka kilainike. Kamba ya miguu itupwe kabisa. Na kigoda kikae upande wa kulia. "Jicho la kushoto haoni vizuri tangu mwaka juzi. Ukimjia kushoto unamshtua. Hukujua?"

Mzee hakujua. Ng'ombe wake mwenyewe, na alikuwa akimjia kushoto.

"Halafu uzungumze naye, Baba."

"Nimezungumza naye."

"Ulimwambia nini?"

Mzee akayakumbuka aliyomwambia, na hakuna hata moja lililofaa kusikiwa na mtoto. "Kitinda anasema una maneno yako," akasema.

"Si maneno ya maana." Akasita kidogo, kama aliyeona haya. "Namshukuru tu kwa mambo ya jana. Namwambia, jana ulitupa ndoo nzima, jana banda lilivuja na ukavumilia, asante. Kila asubuhi namtajia ya jana yake. Hapendi kukamuliwa kimya kimya tu. Nani anapenda?"

Hakulisema kwa kumchoma, na ndiyo maana lilimchoma. Miaka tisa Mzee alikuwa ameikuta ndoo barazani, ameifunua, amekunywa, amekwenda zake. Alijaribu kukumbuka asubuhi moja, moja tu, aliyomwambia mtoto huyu asante. Alitafuta kwa bidii, na hakupata.

"Gauni..." akaanza.

"Gauni umevaa. Najua."

"Nani kakwambia?"

"Nimeiona picha."

Mzee alishika kichuguu kwa mkono. "Picha gani?"

"Yule mtu wa maziwa alikupiga ukiwa unakimbia. Akaiweka kwenye kundi lao la simu, ikatoka huko ikazunguka. Hapa kazini yuko msichana ana ndugu huko kwetu, ndiye aliyekuja nayo wakati wa chakula. Ikapitishwa meza nzima."

"Walicheka?"

"Sana."

"Na wewe?"

Sauti za watu nyuma yake zilipita, zikapungua.

"Waliniuliza kama namjua yule mzee," binti akasema.

"Ukasemaje?"

"Nilisema simjui."

Mzee akakaa chini, juu ya udongo.

"Baba? Baba, nisamehe." Sasa alikuwa analia, kilio cha kujificha cha mtu aliye njiani. "Uko pale umevaa gauni langu, nakutazama hivi, na nasema simjui. Siku ile chakula hakikushuka. Nimekosa, Baba. Nisamehe."

Kituo cha maziwa, kule kuitwa Binti, kule kujificha stoo, vyote vikawa mchezo wa kitoto. Aibu ya kweli ndiyo hii iliyomshukia sasa, nzito, na haikuwa na mtu wa kuilaumu. Yeye ndiye aliyekosa, na anayelia kuomba msamaha ni mtoto. Alitaka kukata simu. Kweli kabisa, kidole kilikwenda kwenye kitufe. Kisha akaiona ile mikono ikishuka chini ya meza.

"Usiniombe msamaha," akasema. "Mimi ndiye niliyeanza kusema sikujui. Mbele za watu, na wewe umekaa pale pale."

Binti akasema polepole, "Ulisema ukucha."

"Nilisema."

"Nilikuwa najiuliza kama unakumbuka."

"Nakumbuka kila siku ya Mungu. Niliona watakuja kunicheka nikilia, mama, nikawapa wewe wakucheke." Sauti ilimkatika na hakujali. "Haikuwa kweli. Ningesema ya kweli ningelia mpaka asubuhi. Nisamehe, mwanangu. Na asante. Kwa ile ndoo, miaka yote ile. Asante."

Alimsikia akijifuta pua. Mahali fulani upande wa pili kengele ikalia, ndefu na kali.

"Hiyo kengele yetu, Baba. Naingia kazini."

"Haya, ingia. Usichelewe."

"Umwambie Shangazi nitakuja wakati wa kupanda, nimeomba likizo. Nani atashika ncha ya pili ya kamba?"

"Nitamwambia. Na mimi je? Mimi unaniambia nini?"

"Wewe si umeshasikia?" akasema binti, na simu ikakatika.

Mzee alishuka kichuguu, akapasha maji mwenyewe. Aliitupa ile kamba nyuma ya banda, akahamishia kigoda kulia, akakanda kiwele taratibu kama alivyoagizwa. Kisha ikafika sehemu ya maneno, na akajisikia mjinga. Akakohoa. Ng'ombe akageuza sikio.

"Jana," akaanza, akakwama, kwa sababu jana Shangazi hakuwa ametoa kitu cha kushukuriwa. Ikabidi aanzie kwake mwenyewe. "Jana nilikujia kwa upande usioona. Juzi pia. Mwanzoni nilikufunga miguu, nikakutukana wewe na wakwenu. Samahani kwa hayo." Paji la uso lake lilikuwa limeegemea ubavu wa joto, na gauni lilinuka maziwa ya zamani na sabuni ya binti. "Mwaka ule wa ukame hatukuwa na kitu, ukaendelea kutoa. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka. Mvua inanyesha anaamka, anaumwa anaamka. Mimi nimelala. Kidole chake hakikunjiki, sijawahi kuuliza kwa nini. Asante. Asanteni wote wawili."

Akaendelea hivyo, akitaja mwaka baada ya mwaka, na hakuangalia mikono yake. Sauti ya chini ya ndoo ndiyo iliyomshtua. Maziwa yalikuwa yanashuka, mazito, mistari miwili kwa zamu, povu linapanda. Mzee alilia humo bandani bila kuficha, na Shangazi akatafuna majani yake bila kujali.

Getini ikalia kengele ya baiskeli. Mtu wa maziwa tangu siku ile ya picha alikuwa haingii, alisimama nje kwa adabu mpya. Mzee akainuka. Gauni lilikuwa bado mwilini, yamepasuka makwapa yote mawili, pindo limelowa, kitambaa kimekwenda upande. Mkono ulianza kulivua wenyewe, akausimamisha. Akabeba ndoo, akatoka hivyo hivyo mpaka getini.

"Toa simu yako," akasema.

Mtu wa maziwa akarudi nyuma hatua moja. "Mzee wangu, ile ilikuwa utani tu. Wallahi sikujua itafika mbali."

"Naujua utani. Hata mimi niliufanya, na wewe ulicheka mpaka chai ikakupalia. Toa simu."

Akaitoa, shingo imeingia mabegani, akidhani itavunjwa.

"Piga picha. Uipeleke kule kule ilikokwenda ile nyingine, kote. Na chini yake uandike, huyu ni baba yake."

"Baba wa nani?"

"Wa mwenye gauni."

Mtu wa maziwa akamtazama kuona kama kuna mzaha, hakuuona. Akainua simu kwa mikono miwili. Barabarani watu wawili wanaokwenda shambani walisimama na majembe mabegani. Mzee aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, haya zile zile za siku zote, hazikupungua hata chembe. Akanyoosha mgongo, akainua ndoo mpaka kifuani kwenye maua mekundu.

"Ndoo ionekane," akasema.